Kompyuta Iliyokataa Posa

Mshenga aliingia kwenye duka la fotokopi kwa nia safi kabisa, yaani kukimbia jua, na huenda angetoka na nia hiyohiyo kama asingesikia sauti ya mwanamke akigombana na kompyuta.

"Nimekuzima, nimekuwasha, nimekubembeleza. Sasa unataka nini? Nikupigie magoti?"

Mshenga aligeuza shingo polepole, kama paka aliyesikia samaki akitajwa jina. Kwenye meza ya pembeni alikaa mama mmoja aliyekijaza kiti, tepu ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni kama nishani ya vita, pini zimepangwa mstari kwenye ukosi wa blauzi. Mbele yake palikuwa na kompyuta mpakato mpya, mpya hasa, mpaka ile nailoni ya kwenye kioo ilikuwa haijabanduliwa. Kando yake ililala simu iliyopasuka kioo, imefungwa kwa mpira wa nywele isije ikamwaga matumbo. Waya uliziunganisha hizo mbili, na katikati ya kioo cha kompyuta yalisimama maandishi mekundu: KUOANISHA KUMESHINDIKANA.

Mtu wa kawaida akisoma maneno hayo anaona hitilafu. Mshenga aliona riziki ikimkonyeza.

Inafaa tumtambulishe sasa kabla hajafungua mdomo, kwa sababu akishaufungua hakuna mwingine atakayepata nafasi. Waungwana waliotafuta neno la Kiswahili la ule ufundi wa kuifanya simu na kompyuta zigawane picha, namba na ujumbe, waliamua kuuita kuoanisha. Walikuwa watu wema, hawakuwaza mabaya. Lakini Mshenga alipolisoma neno hilo kwa mara ya kwanza alikaa chini akashika tama. Kuoanisha! Basi kama kuna kuoanisha, kuna ndoa. Kama kuna ndoa, kuna posa, kuna uchumba, kuna fungate. Na tangu dunia iumbwe, penye shughuli za harusi hakuna mtu anayeuliza vitu vimekwenda wapi.

Siku hiyohiyo alijipa jina na kazi. Akiona kompyuta na simu zimegombana, huja na maneno matamu, hutangaza kwamba kompyuta ni mwari na simu ni mchumba, halafu huomba kwa unyenyekevu amchukue mwari akakae fungate kwenye karakana yake. Karakana hiyo ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Kipara, mnunuzi wa vyuma na vifaa vikuukuu. Huko mwari hufunguliwa mgongo, akatolewa kumbukumbu, betri na kila kilicho kizuri, akatiwa vya zamani vilivyochoka, kisha akarudishwa kwao akiwa amepanguswa vumbi. Mwenye mali akilalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, Mshenga hutikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Ndoa hiyo. Wepesi ni siku za mwanzo tu." Na watu waliooa humwelewa kabisa.

"Shikamoo, mama," alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa.

"Marahaba. Kama unauza soksi, sitaki."

"Siuzi kitu. Nimeumia tu moyo kuona binti analazimishwa."

"Binti gani?"

"Huyu hapa." Akaigusa kompyuta begani, kama kompyuta ingekuwa na bega. "Hataki. Umemletea mchumba ghafla, hajaulizwa, hajaandaliwa. Unadhani atakubali?"

Mama huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shela kwa sababu alishona na kukodisha magauni ya harusi, aliitazama kompyuta, akamtazama Mshenga, akaitazama tena kompyuta. Maneno ya harusi yalimwingia kwa mlango wa mbele; ndiyo lugha aliyokula nayo na kulala nayo.

"Wewe ni fundi?"

"Mafundi wanatengeneza, mama. Mimi ninapatanisha."

Sasa, kwa heshima ya ukweli, lazima tuseme kwamba Mshenga alikuwa ameshauona ugonjwa tangu alipovuta kiti. Ule waya ulikuwa wa kuchajia tu: umeme unapita, picha hazipiti. Tena ndani ya kompyuta mlikuwa na mabaki ya programu ya kuoanisha, iliyowahi kuingizwa ikakatika njiani, na mabaki hayo ndiyo yaliyoufunga mlango programu isiingie upya. Futa mabaki, zima, washa, badili waya. Kazi ya muda wa kumenya chungwa. Haya yote aliyajua, na aliyaficha kifuani kama watu wanavyoficha siri za ukoo.

"Simu hii inakata roho," Mama Shela alisema, sauti ikishuka. "Picha za magauni yangu yote zimo humu, tangu la kwanza nililoshona. Mengine yalikodishwa hayakurudi, mengine yameungua kwa pasi, zimebaki picha tu. Na mwisho wa wiki wenye ukumbi mkubwa wanataka kuziona, wachague duka moja la kuwapelekea maharusi wao wote. Simu ikifa kabla ya hapo, nimekufa nayo kibiashara."

"Haifi. Niachie mimi."

"Na gharama yako?"

"Bure."

Mama Shela alikunja uso. Alikuwa mtu wa biashara. "Hiyo bure ndiyo bei ya mwisho?"

"Mama, chini ya bure hakuna kitu."

"Hakukosekani. Unaniongezea nini juu yake?"

Mshenga, ambaye hajawahi kuombwa apunguze bure maishani mwake, alimwongezea nafasi maradufu ya kuhifadhi picha kwenye kompyuta, na kava ya simu. Mama Shela alikubali kwa shingo upande, kama mtu anayehisi angeweza kupata zaidi.

"Lakini twende dukani kwangu," alisema akikunja waya. "Kompyuta hii ni zawadi ya ukoo. Haitoki mpaka Shangazi aseme."

Moyo wa Mshenga ulicheza kwa furaha. Shangazi! Kama Mama Shela mwenyewe ana mvi, huyo shangazi yake atakuwa kikongwe wa mkongojo, sikio moja limeziba, meno ya kuazima. Vikongwe walikuwa mtaji wake. Ukiwaita mama mara tano, wanakupa funguo za kabati.

Duka la Mama Shela lilijaa magauni meupe yaliyovalishwa sanamu zisizo na vichwa, hivyo ukiingia ulihisi umechelewa kwenye harusi ya mizimu. Juu ya meza ya kukatia vitambaa alikaa msichana mwenye raba na suruali ya michezo, akining'iniza miguu na kutafuna karanga.

"Mambo vipi, sista?" Mshenga alimsalimia. "Hebu kamwite bibi."

Mama Shela alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu yule msichana, na akatupa karanga nyingine mdomoni.

Ukoo una hesabu zake, na hesabu hizo hazijali kalenda. Babu yake Mama Shela alichelewa sana kustaafu mambo fulani, ndiyo maana mtoto wake wa mwisho alizaliwa wakati wajukuu wake wengine wana ndevu. Kwa umri, Shangazi alikuwa rika la binti wa Mama Shela. Kwa cheo, hakuna posa iliyopokelewa wala kukataliwa katika nyumba ile bila yeye kukaa katikati, na cheo hicho alikipenda kupita kiasi.

"Nani huyu anayeniita sista?"

"Shikamoo, Shangazi," Mshenga alirekebisha haraka.

"Marahaba. Umechelewa, lakini umefika. Umekuja kama nani?"

"Kama mshenga."

"Wa upande gani?"

Katika miaka yake yote ya upatanishi hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Wa... upande wa simu."

"Simu ya nani?"

"Ya mama huyu."

"Na kompyuta ya nani?"

"Ya... mama huyu."

Shangazi aliacha kuning'iniza miguu. "Yaani unataka kumwoza mtu na ndugu yake?"

Hata sanamu zisizo na vichwa zilionekana kushtuka. Lakini Mshenga hakupewa ulimi wa mafuta ili autumie siku za sikukuu tu.

"Hapo hapo, Shangazi!" alipaza sauti, akapiga kiganja. "Ndiyo maana amekataa! Damu moja! Mimi nimezunguka mji mzima, ni wewe wa kwanza kuliona hilo. Basi dawa yake ni moja. Azoeshwe kwanza na simu ya ukoo mwingine, akishalainika, huyu wa nyumbani ataingia kama rafiki tu."

Akatoa simu yake mwenyewe, simu nene, ya bei, inayong'aa kama kiatu cha ofisa, na waya wake mzuri unaopitisha kila kitu. Ili igizo lisadikike, ilibidi kazi ifanyike kwelikweli. Akayafuta mabaki ya programu ya zamani. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akaiingiza programu upya, nayo ikaingia bila kubisha hodi. Akachomeka simu yake, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo, robo, nusu, ukapita nusu. Mama Shela alishika kifua. Mstari ulipokaribia mwisho, kidole kidogo cha Mshenga kiliuchomoa waya kwa upole wa mama anayemfunika mtoto.

KUOANISHA KUMESHINDIKANA.

"Mmemwona?" alinong'ona. "Amefika mlangoni, haya zikamshika. Huyu hahitaji fundi tena. Anahitaji faragha. Nipeni nimpeleke fungate."

"Fungate ya muda gani?" Shangazi aliuliza.

"Fupi tu. Fungate ya siku tatu."

Taya la Shangazi lilisimama, karanga ikiwa katikati ya meno.

Hapa msomaji aliyelelewa vizuri ameshacheka. Neno fungate, kwa Kiswahili cha kale, maana yake ni saba, na fungate ni siku saba tangu enzi za waliolitunga. Fungate ya siku tatu ni sawa na pembetatu ya pembe mbili. Mtu anaweza kuishi vizuri bila kulijua hilo. Mshenga wa kweli hawezi. Lakini Mshenga wetu, akiwa ameshatazama mbali kuelekea duka la Kipara, aliona tu kwamba yule msichana mpenda vyeo amekumbwa na mawazo.

Shangazi alimtazama mpwa wake. Mama Shela, ambaye amewavalisha maharusi mpaka ameota sugu vidoleni, alimtazama shangazi yake. Watu wa familia moja wana simu zao zisizohitaji waya.

"Sawa," Shangazi alisema kwa sauti laini mno. "Siku tatu si nyingi. Lakini mwari hatoki kwetu mikono mitupu. Mahari yako wapi?"

"Mahari, Shangazi?"

"Wewe si umesema ni harusi? Au ulikuwa unatutania?"

"Hapana! Siwezi kutania mambo mazito. Niseme tu, nitaleta..."

"Hiyo hapo mkononi inatosha."

Mshenga aliitazama simu yake. Ile haikuwa simu, ilikuwa ofisi. Humo mlikuwa na wateja, wanunuzi, picha za biashara, kila kitu. Bila hiyo alikuwa ni mtu tu mwenye maneno. Halafu akaitazama kompyuta, na nailoni yake ambayo haijabanduliwa. Akapiga hesabu ya kimyakimya: leo mchana atatoa vya ndani, kesho atarudisha ganda, atachukua simu yake. Simu italala ugenini usiku mmoja. Na itakuwa imefungwa kwa nywila.

"Hii hapa, Shangazi. Kwa moyo mweupe."

"Toa nywila."

"Ah, hiyo ni..."

"Mahari yenye kufuli ni mahari gani? Nikupe na mimi mwari aliyefungwa mnyororo?"

"Mwacheni," Mama Shela aliingilia, akivuta kompyuta kifuani. "Nilimwambia yule fundi wa kona aje. Ataifanya hukuhuku, bila fungate."

Neno fundi wa kona lilimchoma Mshenga kama sindano. Akaitoa nywila. Akauacha na waya, kwa sababu Shangazi alisema mahari haigawanywi.

"Sasa tunamvalisha," alisema Shangazi. "Mwari wetu hatembei uchi barabarani. Subiri hapo."

Wakaingia nyuma ya pazia. Mshenga alisikia vitambaa vikichakarisha, minong'ono, kicheko kimoja kilichofungwa mdomo, akatabasamu. Wanawake na harusi! Walipotoka, walikuwa wamebeba kifurushi bapa kilichovishwa lesi nyeupe tabaka kwa tabaka, kimefungwa utepe wa hariri, na juu yake fundo kubwa kama ua la kabichi. Mama Shela alitoa chozi. Lilikuwa chozi zuri, na Mshenga alilisifu kimoyomoyo.

"Usimfunue njiani," Shangazi alimwasa. "Fundo hilo ni letu."

"Siwezi, Shangazi. Mimi nina heshima zangu."

Heshima hizo zilidumu mpaka dukani kwa Kipara, ambako alilikata fundo kwa kisu.

Kipara, mtu mwenye kichwa kinachong'aa na macho yasiyoamini chochote, aliegemea kaunta akaangalia lesi zikifunuliwa. Tabaka la kwanza. La pili. La tatu. Mshenga alifunua kwa madaha, akisifia mali kabla haijaonekana, mpya, haijaguswa, nailoni ya kioo bado ipo. Tabaka la mwisho lilipoanguka, palilala juu ya kaunta ubao wa kupigia pasi mikono ya mashati, mfupi, mzuri, umeungua kidogo pembeni.

Kipara aliugonga kwa kidole. "Kumbukumbu yake ni kubwa?"

"Nipe simu yako," Mshenga alisema, na sauti yake haikuwa na mafuta hata tone.

Akapiga namba yake mwenyewe. Ikapokelewa mara moja.

"Nyumba ya wakwe," alisema Shangazi. "Tukusaidie nini?"

"Mmenipa ubao!"

"Ubao gani? Wewe umemfunua mwari? Hata jua halijazama!"

"Shangazi, tusitaniane. Nirudishieni simu yangu."

"Tungependa, mwanangu, ila kumetokea jambo. Ile programu uliyoiweka imeingia vizuri mno, Mungu akubariki. Tulichomeka simu ya mpwa wangu kwa ule waya wako, na magauni yote yameingia, hata lile lililoungua. Mama Shela anacheza hapa. Tukasema, basi tumchunguze na bwana harusi. Tukachomeka na yako. Nayo imekubali mara moja! Picha zako zote zimejaa kwenye kioo."

Mshenga alijua ni picha zipi. Kila kompyuta aliyoifungua aliipiga picha kwanza, ili Kipara akadirie mali.

"Umewapiga picha mabinti wa watu wakiwa wamefunuliwa migongo," Shangazi aliendelea kwa huzuni. "Huna haya? Kuna mmoja ana stika ya kipepeo. Mpwa wangu amemtambua, ni wa mwalimu wa chekechea wa mtaa wa nyuma. Mwingine ana jina la kwaya limeandikwa kwa rangi. Na namba za wenyewe umeziweka humuhumu, kila mmoja na jina uliloona linamfaa. Yule mwalimu umemwandika Ng'ombe wa Kwanza. Tulimpigia tukamsomea. Amefika hapa kabla hatujakata simu."

Nyuma ya sauti yake Mshenga alisikia watu wengi wakiongea kwa pamoja, na mmoja alikuwa akiongea kwa sauti ya kwaya, besi.

"Shangazi, mama yangu, tuzungumze."

"Si tunazungumza? Hii namba unayopigia nayo imejitokeza yenyewe na jina. Kipara, Nyuma ya Soko la Mbao. Ndiyo hapo mlipo?"

Mshenga aliitoa simu sikioni akaitazama kana kwamba imemtemea mate. Kipara, ambaye sikio lake lilikuwa limezoea kusikia vya mbali, alikuwa ameshaanza kuvuta shata la duka.

"Usifunge, na mimi nimo ndani!"

"Toka basi!"

"Toka wewe kwanza, duka ni lako!"

"Halo?" Shangazi aliita kwenye simu. "Msijisumbue kutupokea. Tunaijua njia, na wakwe ni wengi. Tumekodi lori."

Waandishi wa historia wanatofautiana kuhusu nani kati ya wale wawili aliufikia mlango kwanza. Wote wanakubaliana kwamba mlango ulikuwa mmoja na mwembamba, kwamba Kipara alikuwa na tumbo, kwamba Mshenga, kwa sababu ambayo mwenyewe hajawahi kuieleza, hakutaka kutoka bila mali yoyote akaukumbatia ubao wa pasi, na kwamba ubao huo ulijipachika kati ya fremu mbili za mlango, mmoja wao akitazama ndani na mwingine akitazama nje. Hivyo lori liliposimama, wakwe waliwakuta wote wawili mlangoni, wamebanwa vizuri, wamesimama wima kama maharusi wanaosubiri kupigwa picha.

"Tabasamuni," alisema Shangazi, akiinyanyua ile simu nene.